Tovuti Yako Ionekane Google: Hatua Kumi kwa Wafanyabiashara wa Mbeya na Iringa

Mgeni anayepanga safari ya Hifadhi ya Taifa Ruaha huanzia kwenye simu yake. Anaandika maneno machache, anasoma kurasa tatu au nne za mwanzo, kisha anaamua atalala wapi na nani atamwongoza. Mkulima wa Mbozi anayetafuta miche ya parachichi naye hufanya hivyo, sawa na mzazi wa Sumbawanga anayemtafutia mwanawe hosteli jirani na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Biashara isiyotokea kwenye kurasa hizo haimfikii kabisa mtu huyo, hata kama imesimama miaka ishirini pale Mwanjelwa au Miyomboni na majirani wote wanaisifu. Asiyekuwapo na lake halipo.

Inasikitisha, kwa sababu watu wa Nyanda za Juu Kusini ndio wanaoujua ukanda huu kuliko mtu mwingine yeyote. Wao ndio wanaojua njia ya Ziwa Ngozi inateleza miezi gani, maua ya Kitulo yanachanua lini, na barabara ya kwenda Tungamalenga ikoje wakati wa masika. Lakini ujuzi huo umebaki vichwani, kwenye simu za kupigiana na kwenye makundi ya WhatsApp, ambako injini ya utafutaji haiwezi kufika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuutoa huko na kuuweka mahali utakapoonekana.

Umeandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba ya wageni, muuza pembejeo, mwongoza watalii, shule, kikundi cha wakulima au fundi, ambaye ana tovuti tayari au yuko mbioni kuitengeneza. Huhitaji kujua kuandika programu. Unahitaji haki ya kuingia kwenye tovuti yako kama msimamizi, akaunti ya Google, simu janja, na saa chache kila wiki.

Kwanza, elewa kazi yenyewe

Kabla ukurasa wako haujamfikia msomaji, hupita katika ngazi tatu.

Ya kwanza ni kusomwa. Google ina programu inayoitwa Googlebot, na Bing ina Bingbot. Roboti hizi hutembelea kurasa za mtandao mchana na usiku, husoma yaliyomo, na hufuata viungo vinavyoelekea kurasa nyingine. Ukurasa usiounganishwa na ukurasa wowote ni vigumu kugunduliwa.

Ya pili ni kuhifadhiwa. Kilichosomwa huchambuliwa: kimeandikwa kwa lugha gani, kinahusu nini, kina picha gani, na je, ni nakala ya ukurasa mwingine? Kikikubaliwa, huingizwa kwenye faharasa kubwa ya injini hiyo. Google haiahidi kuhifadhi kila ukurasa inaousoma, na kurasa nyingi hukwama hapa.

Ya tatu ni kupangwa. Mtu anapoandika swali, injini haianzi kuzunguka mtandaoni wakati huo. Inatafuta ndani ya faharasa iliyokwisha kuiandaa, kisha inapanga majibu kwa kuangalia maneno yaliyotumika, ubora wa maelezo, lugha, mahali alipo muulizaji, viungo kutoka tovuti nyingine na mambo mengine mengi.

Ngazi hizi zina maradhi tofauti na dawa tofauti. Anayekushauri ulipie matangazo ilhali roboti imezuiwa kuisoma tovuti yako anakupotezea fedha. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua umekwama ngazi ipi.

Hatua ya 1: Pima uko wapi leo

Fungua Google na uandike site: ikifuatiwa na anwani yako bila kuacha nafasi, kwa mfano site:jinalako.co.tz. Utaona kurasa zako ambazo Google imezihifadhi.

Kama hakuna hata moja, tatizo liko ngazi ya kwanza au ya pili, na hatua ya 2 hadi ya 4 zinakuhusu sana. Kama zimo chache huku wewe ukiwa na nyingi, tafuta zipi zimeachwa. Kama zimo zote lakini wateja hawakupati, tatizo ni la kupangwa, nawe utanufaika zaidi na hatua ya 5 na kuendelea.

Hesabu ya site: ni ya makadirio tu. Jibu la uhakika utalipata kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 2: Ondoa vizuizi

Andika anwani ya tovuti yako kwenye kivinjari, kisha ongeza mwishoni /robots.txt. Hili ni faili dogo linaloziambia roboti ziingie wapi na zisiingie wapi. Utaratibu huu ulianza mwaka 1994 na bado unafuatwa. Tazama kama kuna mistari hii miwili:

User-agent: *
Disallow: /

Mkwaju huo mmoja (/) baada ya neno Disallow unazizuia roboti zote zisisome chochote katika tovuti nzima. Mafundi huuweka wakati tovuti inajengwa ili isionekane kabla ya wakati, halafu kazi ikikabidhiwa wanasahau kuuondoa. Mstari ukiwa Disallow: bila kitu mbele yake, hakuna kilichozuiwa.

Kizuizi cha pili ni alama ya noindex, inayokaa ndani ya ukurasa wenyewe na kuiambia injini isiuhifadhi. Katika WordPress, kwenye mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku cha kuzitaka injini za utafutaji zisiihifadhi tovuti. Hakikisha hakina alama ya vema.

Kumbuka pia kwamba vizuizi hivi viwili havifanyi kazi moja. Ukizuia ukurasa kwa robots.txt, roboti haiwezi kuiona alama ya noindex iliyomo ndani yake, na anwani ya ukurasa huo inaweza kutokea kwenye matokeo bila maelezo yoyote ikiwa tovuti nyingine imeiunganisha. Ukurasa usiotaka uonekane, kama wa kuhakiki malipo, uwekee noindex na uache usomwe.

Kizuizi cha tatu ni seva isiyopatikana. Ada ya kikoa au ya kuhifadhi tovuti ikipita tarehe, roboti inakuta mlango umefungwa. Ikirudi mara kadhaa na kukuta hali ileile, inapunguza ziara zake, na mwisho kurasa zako huanza kuondolewa kwenye faharasa. Weka kumbukumbu ya tarehe ya kulipia kwenye simu yako, mwezi mmoja kabla. Hakikisha pia kikoa kimesajiliwa kwa jina lako au la biashara yako, kisiwe cha fundi aliyekutengenezea.

Hatua ya 3: Jitambulishe kwa injini zenyewe

Google ina huduma ya bure inayoitwa Search Console. Ingia kwa akaunti ya biashara, ongeza anwani ya tovuti yako, kisha thibitisha kwamba wewe ndiye mwenyewe. Njia bora ni kuweka mstari wa maandishi kwenye kumbukumbu za kikoa chako. Aliyekusajilia kikoa anaweza kukufanyia kazi hiyo kwa dakika chache.

Ukishathibitishwa, fanya mambo mawili.

Wasilisha ramani ya tovuti. Hii ni orodha ya kurasa zako zote, na mara nyingi hupatikana kwenye anwani inayoishia na /sitemap.xml. WordPress hutengeneza yenyewe. Faili moja linaweza kubeba hadi anwani 50,000, kwa hiyo biashara ya kawaida haitahitaji zaidi ya moja.

Kagua kurasa zako muhimu, mmoja mmoja, kwa kuiandika anwani yake kwenye kisanduku cha juu. Search Console itakuambia kama ukurasa umehifadhiwa, na kama haujahifadhiwa, itataja sababu. Ikisema ukurasa umegunduliwa lakini haujasomwa, ongeza viungo vya kuufikia kutoka kurasa zako nyingine, kisha subiri. Ikisema umesomwa lakini haukuhifadhiwa, mara nyingi maana yake ni kwamba Google haikuona ndani yake jambo jipya la kutosha. Hapo kubonyeza kitufe cha kuomba tena hakutasaidia. Rudi uandike vizuri zaidi.

Ukimaliza, nenda kwenye Bing Webmaster Tools, ambako unaweza kuhamishia taarifa zako kutoka Search Console. Usiidharau Bing, kwa sababu DuckDuckGo na Yahoo hutegemea sana matokeo yake.

Ukurasa mpya unaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa kuhifadhiwa. Kupanda nafasi huchukua miezi. Hakuna ada ya kuharakisha, maana Google haiuzi nafasi katika matokeo ya kawaida. Matangazo ya kulipia yapo, lakini huwekewa alama yake.

Hatua ya 4: Kila ukurasa uwe na anwani moja

Jaribu kufungua tovuti yako kwa http na https, yenye www na isiyo nayo. Zote nne zinapaswa kukupeleka kwenye anwani moja tu. Zikibaki nne, injini itakutana na nakala nne za kitu kimoja na italazimika kuchagua yenyewe ipi ni halisi.

Chagua yenye https, ambayo Google ilitangaza mwaka 2014 kuwa ni miongoni mwa vigezo vya kupanga nafasi. Cheti chake hakihitaji kununuliwa, kwani Let's Encrypt hutoa bure na kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti huweka kwa kubonyeza mara moja. Anwani nyingine tatu zielekezwe huko moja kwa moja kwa maelekezo ya kudumu, yanayojulikana kwa namba 301. Fanya hivyo hivyo ukibadilisha jina la ukurasa au ukihama kikoa. Ukifuta anwani ya zamani bila kuielekeza mpya, unapoteza sifa yote iliyokuwa imejijenga.

Hatua ya 5: Tafuta maneno ya wateja wako

Hapa ndipo mtu wa Mbeya au Iringa ana nguvu kuliko kampuni yoyote ya mbali, kwa sababu anajua watu wanaitaje vitu.

Chukua viazi. Mkulima wa Uyole au Isongole anasema viazi mviringo. Mnunuzi wa mjini anaweza kuandika viazi ulaya au mbatata. Ukurasa wa muuza mbegu uliojaa neno moja tu utampata mteja mmoja na kumkosa mwingine. Tumia neno la wateja wako wakuu kwenye kichwa, na mengine yataje ndani ya maelezo pale yanapokaa vizuri.

Majina ya mahali yanataka uangalifu zaidi. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulianzishwa kwa kumegwa kutoka Mbeya, na Mbozi ikaenda huko, ingawa wapo wanaoendelea kutafuta kimondo cha Mbozi kwa kuandika Mbeya. Uwanja wa Ndege wa Songwe, kwa upande wake, uko Mkoa wa Mbeya. Nyumba ya wageni iliyo karibu na uwanja huo ikijitambulisha kwa neno Songwe peke yake itachanganywa na zilizoko Vwawa au Tunduma. Iandike wazi: karibu na Uwanja wa Ndege wa Songwe, Mbalizi, Mbeya.

Iringa nako neno Ruaha ni la hifadhi, la mto, la chuo kikuu cha Kikatoliki, la dayosisi ya Kianglikana na la Ruaha Mbuyuni kule barabara kuu. Ziwa Ngozi huandikwa pia Ngosi, na anayeandika ngozi bila kutanguliza ziwa atamiminiwa mafuta ya kujipaka na viatu. Kwa hiyo usiandike jina la mahali likiwa peke yake. Lifuatishe na kinachoelezwa pamoja na wilaya au mji: Ziwa Ngozi, milima ya Poroto, kati ya Mbeya na Tukuyu.

Namna ya kuyakusanya maneno ni hii:

1. Kwa wiki mbili, andika kila swali unaloulizwa kwa simu, WhatsApp au dukani, kwa maneno yaleyale ya muulizaji.
2. Andika mwanzo wa swali kwenye Google na utazame mapendekezo yanayojitokeza chini yake.
3. Soma kurasa zinazotokea juu. Jiulize zimejibu nini na zimeacha nini.
4. Panga maswali kwa makundi. Kila kundi litakuwa ukurasa mmoja.

Amua pia lugha. Mteja wa miche na mzazi wa mwanafunzi watatafuta kwa Kiswahili. Mgeni wa Ruaha kutoka Ujerumani huenda akatafuta kwa Kiingereza. Ukihitaji zote mbili, tengeneza kurasa mbili zenye anwani tofauti, zilizounganishwa na zilizowekewa alama ya lugha, sw kwa Kiswahili na en kwa Kiingereza. Usichanganye lugha mbili ndani ya ukurasa mmoja, kwa kuwa Google hutambua lugha kwa kusoma maandishi yenyewe. Na usibandike tafsiri ya mashine ambayo hukuisoma, maana wateja wataigundua kabla hata ya injini.

Hatua ya 6: Andika ukurasa unaojibu

Tutazame ukurasa mmoja kwa karibu. Muuza miche wa Tukuyu ana ukurasa wa mwanzo ambao kichwa chake, kile kinachoonekana kwa rangi ya bluu kwenye matokeo, ni neno moja: Nyumbani. Chini yake kuna maneno haya: Karibuni sana kwenye tovuti yetu. Sisi ni kampuni inayoongoza kwa huduma bora na za kuaminika. Kisha kuna picha ya bango lenye bei.

Roboti ikiusoma ukurasa huo haitakuta mahali palipoandikwa parachichi wala Rungwe. Bei zimo ndani ya picha, na maandishi yaliyo ndani ya picha hayana uhakika wa kusomwa kama maandishi ya kawaida. Msomaji mwenyewe hajui kama huyu anauza miche, anakopesha fedha au anajenga nyumba.

Ukiandikwa upya, kichwa kinakuwa: Miche ya parachichi ya Hass, Tukuyu – bei na usafirishaji. Aya ya kwanza inasema: Tunauza miche ya parachichi aina ya Hass iliyobebeshwa, kwenye kitalu chetu Tukuyu, Wilaya ya Rungwe. Tunasafirisha hadi Mbeya, Mbozi, Njombe na Iringa. Halafu zinafuata bei kwa maandishi, zikitaja mwezi na mwaka zilipowekwa. Baada ya hapo vinakuja vichwa vidogo, kila kimoja kikiwa ni swali lililotoka kwenye daftari lile la wiki mbili: mche una umri gani unapouzwa, mashimo yachimbwe kwa umbali gani, nipande mwezi gani, mche ukifia njiani inakuwaje.

Zingatia haya katika kila ukurasa:

- Kichwa kitofautiane na vichwa vya kurasa nyingine, kitaje kitu na mahali, na maneno muhimu yatangulie, kwa sababu kikiwa kirefu mno hukatwa.
- Maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa kwenye matokeo yaandike wewe, sentensi mbili zenye kumweleza mtu atapata nini. Hayapandishi nafasi, lakini humshawishi msomaji kubonyeza. Google nayo inaweza kuweka mengine.
- Anwani iwe fupi na isomeke: /miche-ya-parachichi ni bora kuliko /?p=214.
- Jina la faili la picha lieleze kilichopo. Badala ya IMG_2031.jpg andika miche-ya-hass-tukuyu.jpg, na jaza maelezo mbadala ya picha, ambayo pia huwasaidia wasioona.
- Taja nani ameandika na anajuaje. Aliyepanda Kitulo mara nyingi aseme hivyo, aweke picha alizopiga mwenyewe na mwezi alipozipiga.
- Unganisha kurasa zako kwa maneno yenye maana. Kiungo kisemacho namna ya kupanda mche wa Hass kinaeleza zaidi kuliko kisemacho bofya hapa.

Usirundike neno moja mara thelathini. Wala usijaze ile orodha ya siri ya maneno muhimu ambayo mafundi wa zamani waliisisitiza, kwani Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga nafasi.

Angalia pia majira. Maua ya Kitulo huonekana vizuri kati ya Desemba na Aprili, na wanyama wa Ruaha wakati wa kiangazi, Juni hadi Oktoba. Kwa kuwa ukurasa huchukua miezi kukomaa, wa Kitulo uwe tayari kufikia Agosti na wa Ruaha kufikia Februari. Kila mwaka uboreshe ukurasa uleule kwa anwani ileile, usianzishe mpya.

Hatua ya 7: Fikiria simu na bando la mteja

Google husoma tovuti kwa jinsi inavyoonekana kwenye simu. Ilitangaza mwelekeo huo mwaka 2016 na kuukamilisha 2023. Kilichofichwa kwenye muonekano wa simu na kubaki kwenye kompyuta tu, kwa Google ni kama hakijaandikwa.

Uzito wa picha ndio adui mkubwa. Picha moja ya simu inaweza kuzidi megabaiti 4. Ipunguze upana hadi pikseli 1,200 hivi na uzito chini ya kilobaiti 200 kabla ya kuipandisha. Nyumba ya wageni yenye picha kumi zilizopunguzwa hufunguka kwa megabaiti 2. Zisipopunguzwa ni 40, na hilo ni bando la mteja linaloteketea kabla hajaona kitanda.

Pima kwa PageSpeed Insights, huduma ya bure ya Google. Lengo ni sehemu kuu ya ukurasa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Kisha pima kwa njia ya pili iliyo muhimu vilevile: mpe mtu mwenye simu ya bei nafuu, akiwa mahali mtandao unasuasua, umwombe atafute namba yako na bei. Akishindwa, mteja naye ameshindwa.

Hatua ya 8: Jiweke kwenye ramani

Anayeandika gereji karibu nami akiwa Mafiati, au hoteli Iringa akiwa ndani ya basi, huoneshwa ramani na biashara chache kabla ya tovuti zozote. Ili uwemo unahitaji wasifu wa biashara kwenye Google, ambao ni bure na hauhitaji hata tovuti.

Fungua wasifu, chagua aina sahihi ya biashara, weka alama mahali halisi kwenye ramani, andika saa za kufungua, namba ya simu na picha. Google itataka uthibitishe, wakati mwingine kwa video inayoonesha jengo na bango lako. Katika anwani tumia jina la mtaa na namba ya nyumba iliyowekwa kwenye Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, badala ya kuishia nyuma ya soko.

Upangaji wa ramani huzingatia mambo matatu: biashara inalingana vipi na swali, iko umbali gani na muulizaji, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadili. Mawili yaliyobaki unayaweza. Jina, simu na anwani viandike kwa namna moja kwenye wasifu, tovuti, Facebook na Instagram. Waombe wateja walioridhika waandike maoni, na yajibu yote kwa heshima, hata yenye lawama. Usinunue maoni wala kuwatuma ndugu wajifanye wateja. Google huyaondoa, na inaweza kuufungia wasifu wenyewe.

Hatua ya 9: Pata viungo kwa kazi yako

Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha Google mwaka 1998, jambo lililoitofautisha na injini nyingine lilikuwa kuhesabu viungo kama ushahidi, kwa utaratibu walioupa jina la PageRank. Viungo havilingani uzito. Ukitafuta fundi cherehani Mwanjelwa, neno la mtu anayeaminiwa na wengi lina nguvu kuliko la watu kumi wasiojulikana, na PageRank inafuata mantiki hiyo: kiungo kutoka ukurasa unaounganishwa na wengi kina thamani kubwa. Siku hizi vigezo vimeongezeka sana, lakini viungo bado vimo.

Tazama Neema Crafts ya Iringa, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ili kuwapa kazi watu wenye ulemavu. Inatajwa na wasafiri, waandishi wa vitabu vya safari na wahisani wa nchi mbalimbali kwa sababu ina habari ya kweli ya kusimulia. Kutajwa kwa namna hiyo kunatokana na kazi inayofanyika pale kila siku, na hakuna fedha inayoweza kukununua.

Nawe anza na wanaokufahamu. Omba kuunganishwa na chama chako cha biashara, msambazaji anayekuuzia bidhaa, chuo kinacholeta wanafunzi wa mazoezi, na hoteli mnayopelekeana wageni. Toa kitu kinachostahili kuunganishwa: ratiba sahihi ya mabasi ya Mbeya hadi Matema, bei za mchele wa Kyela kila mwezi, maelezo kamili ya kufika Isimila kutoka Iringa mjini. Mwandishi wa habari au mwanafunzi akikosa taarifa hiyo kwingine, atakutaja wewe.

Usiende kubandika viungo kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Viungo vyake vya nje huwekewa alama inayoziambia injini zisivihesabu, na wahariri watavifuta. Usinunue viungo pia. Tangu Google ilipotoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin mwaka 2012, viungo vya kununua vimeangusha tovuti nyingi. Mwaka mmoja kabla, mabadiliko ya Panda yalikuwa yameziangusha kurasa nyepesi na za kunakili. Humo zimo hata zile zinazorudia maneno yaleyale mara tano kwa kubadilisha tu Mbeya, Tukuyu, Kyela, Mafinga na Iringa. Atakayekuhakikishia nafasi ya kwanza ndani ya wiki moja, mkatalie. Hakuna mtu mwenye uwezo huo.

Hatua ya 10: Soma matokeo kila mwezi

Search Console hukuonesha maneno ambayo watu waliyaandika wakakuona, mara ngapi ulionekana, mara ngapi walibonyeza, na wastani wa nafasi yako, kwa kumbukumbu za hadi miezi 16. Tenga saa moja kila mwisho wa mwezi na uangalie mambo matatu.

Ukurasa unaoonekana sana lakini haubonyezwi, andika upya kichwa chake na maelezo mafupi. Ukurasa ulio kati ya nafasi ya 8 na ya 20 unakaribia kufika, kwa hiyo uongezee majibu yaliyokosekana, picha zako na viungo kutoka kurasa zako nyingine. Na neno ambalo watu wanakupata kwalo ilhali hujaliandikia ukurasa ni ombi la wateja wako. Liandikie.

Ratiba ya miezi mitatu

Wiki ya kwanza, maliza hatua ya 1 hadi ya 4 na ufungue wasifu wa ramani. Wiki ya pili na ya tatu, kusanya maswali na upunguze picha. Kuanzia wiki ya nne, andika ukurasa mmoja mzuri kila wiki. Mwezi wa pili, tafuta viungo viwili au vitatu vya haki kutoka kwa watu unaofanya nao kazi. Mwezi wa tatu, soma takwimu, rekebisha kurasa za mwanzo, kisha uendelee na mzunguko huohuo.

Kurasa nane zilizoandikwa na mtu anayelijua jambo lake zina nafasi nzuri ya kuzishinda kurasa mia za kunakili, na kwa Kiswahili nafasi hiyo ni kubwa zaidi, maana maswali mengi ya wateja wa Mbeya na Iringa bado hayajaandikiwa jibu kamili na mtu yeyote. Kwa hiyo chagua swali ambalo simu yako huulizwa mara nyingi kuliko yote, na wiki hii uliandikie ukurasa wake.